Kompyuta Tuliyoiunda Wenyewe Studio kwa Mama

Enzi zetu, kompyuta ilikuwa inavuliwa viatu. Wewe uliyekulia Singida Mjini miaka ile ambayo simu ya mkononi ilikuwa inaning'inizwa shingoni ili kila mtu aione, najua unacheka kwa sababu unaelewa ninachosema. Ndala zilibaki mlangoni. Ulinawa mikono, ukaifuta kwenye sketi ya shule, ndipo ukaingia. Kompyuta yenyewe ulikuta imefunikwa vitambaa vya kufuma, vilevile vya makochi ya sebuleni: kioo na kitambaa chake, kibodi na kitambaa chake, na lile boksi lenye mashine, ambalo mtaa mzima tuliliita sipiyu, lilikuwa na kitambaa kikubwa chenye maua kwenye pembe. Mtoto akiigusa bila ruhusa aliulizwa swali moja tu: "Utailipa?"

Kwetu hiyo kompyuta ilikaa studio. Mama alikuwa na studio ya picha karibu na soko, aliyoachiwa na marehemu baba. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko makubwa ya maji, na juu yake ndege ya abiria inapita. Sisi watu wa mawe na upepo tulipenda sana kupigwa picha mbele ya maji mengi. Palikuwa na stuli moja, maua ya plastiki, kitana kilichofungwa kamba ili wateja wasiondoke nacho, na koti la suti ambalo lilimtosha kila mwanamume wa mkoa huu, kwa sababu mama alilibana kwa pini mgongoni. Nadhani nusu ya waliofunga ndoa Singida miaka ile walivaa koti lile.

Tukitoka shule tulipita studio kwanza, tukamwamkia mama, tukala tulichobakishiwa. Ugali wa mtama na mlenda, au uji wa uwele uliopoa na kufanya ngozi juu. Halafu tunatoweka. Tulicheza rede mpaka miguu inakuwa myeupe kwa vumbi, tulicheza kombolela nyuma ya yale mawe makubwa ambayo mtoto akijificha vizuri, mnaweza kwenda kula mkarudi bado hamjamwona. Mifuko ya sare zetu ilijaa maganda ya alizeti. Upepo ulikuwa unavuma mchana kutwa, na kutoka viwanda vya mafuta ulileta harufu ya mashudu ya alizeti, harufu ambayo mpaka leo nikiikuta popote nchini, tumbo langu linadhani nimerudi nyumbani.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Neema, mtoto wa mwinjilisti mmoja Mnyiramba aliyehamia mtaani kwetu. Idi alikula kwetu, Krismasi nilikula kwao, na siku za katikati tulikula popote moshi ulipoonekana. Tulimaliza shule ya msingi pamoja, tukaingia sekondari pamoja. Na huko sekondari ndiko tulikopata mchezo mpya ambao wenzetu hawakuuelewa kabisa.

Shule yetu ilikuwa na stoo yenye kompyuta zilizokufa. Sijui zilitoka wapi; zilirundikwa kama viti vibovu. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa maneno machache, alitupa mimi na Neema bisibisi akasema, "Hizi zimeshakufa, hamwezi kuziua tena. Fungueni mjue kilichomo." Basi wenzetu wakienda kucheza netiboli, sisi tunaingia stoo. Tulijifunza kila kipande kwa mikono. Mazabodi, lile bao la kijani ambalo kila kitu kinachomekwa juu yake. Prosesa, ubongo wenyewe, mdogo kama biskuti, na feni yake ya kuupooza. Ramu, vijiti vyembamba vya kumbukumbu ya haraka. Hadi diski, ghala la kutunzia vitu. Pawa saplai, inayogawa umeme kwa wote. Tulizivunja na kuzirudishia, tukavunja tena. Zilikuwa hazifufuki, lakini mikono yetu ilikuwa inasoma.

Sasa turudi studio. Mtetezi mkuu wa kompyuta yetu alikuwa mjomba Ramadhani, kaka yake mama. Alikuwa fundi redio, na kibanda chake kiliegemea ukuta wa studio. Ndiye aliyeinunua Dodoma, ofisi moja ilipokuwa inauza vitu vyake, akaja nayo kwenye basi ameipakata kama bibi harusi. Ilikuwa kompyuta nyembamba, nzuri, iliyotoka kiwandani ikiwa imekamilika, na mgongoni ina karatasi ya kung'aa iliyoandikwa isifunguliwe. Mjomba aliiheshimu karatasi ile kuliko hati ya nyumba.

Kwa muda mrefu ilitutosha. Mama aliandika kadi za mwaliko, barua za kuomba kazi, risala za harusi. Kisha zikaja kamera za dijitali. Mama, ambaye hakupenda kuachwa nyuma, akanunua moja, na hapo ndipo maumivu yalipoanza. Ukiweka picha za harusi moja kwenye kompyuta ile, ilikuwa inawaza. Unabofya, inawaza. Unakwenda sokoni kununua nyanya, unarudi, bado inawaza. Bibi harusi mmoja aliambiwa arudi kesho mara nyingi mpaka siku aliyozipata picha zake alikuja na tumbo la mimba.

Wakati huohuo, karibu na stendi, kijana mmoja alifungua studio mpya yenye mashine za kisasa. Unapiga picha, unakunywa soda, unapewa picha. Wateja wetu wakaanza kupita mlango wetu wakiangalia upande wa pili wa barabara, kama watu waliokumbuka jambo ghafla.

Siku moja jioni akaja mwalimu mkuu wa shule ya msingi tuliyosoma mimi na Neema. Tukainuka, tukampa shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Mama Zubeda," alimwambia mama, "tumefanya kazi na wewe tangu enzi za marehemu. Mahafali ya darasa la saba yanakuja. Lakini safari hii wazazi wanataka picha palepale. Mtoto akipewa cheti, aondoke na picha yake mkononi. Ukiweza, kazi ni yako. Usipoweza niambie mapema, nimwite yule kijana wa stendi."

"Nitaweza, mwalimu," mama alijibu, akamsindikiza mpaka barabarani akitabasamu. Aliporudi, tabasamu alikuwa ameliacha huko huko.

Alikaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya yale maporomoko ya kuchora, akaniambia, "Zubeda, kazi hii ikitupita, nafunga. Tutarudi Issuna kwa bibi yako, tulime. Utamalizia shule kulekule."

Nilimpenda bibi na kuku wake. Likizo za Issuna zilikuwa tamu kuliko asali yake. Lakini likizo ni likizo. Nilimwangalia mama akiwa ameshika kamera mapajani kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa.

Mjomba, aliyesikia yote kutoka kibandani kwake, ndiye aliyeinuka wa kwanza. "Tunaiongezea nguvu," alisema. "Usiache mbachao kwa msala upitao, dada. Mashine tunayo, ni nzima, imepimwa kiwandani na watu wenye akili zao. Inataka kulishwa tu."

Akasoma bismillahi, akaichana ile karatasi ya kung'aa kwa wembe, na akaniita nimshikie taa. Aliagiza kijiti cha ramu kutoka Dar es Salaam, kikaja na kondakta wa basi ndani ya boksi la sabuni. Nilikichomeka mwenyewe, mjomba akisimamia. Tulipoiwasha, tuliona tofauti kwa macho. Ilikuwa imeamka! Picha zilifunguka, mama akapiga makofi, mjomba akatoka nje kutangaza kwa majirani.

Furaha ile ilidumu mpaka tulipojaribu kazi kama ya mahafali, kupokea picha, kusafisha, kupanga na kuchapa, zote kwa pamoja. Ikarudi kuwaza. Mjomba akasema basi tubadili prosesa. Tukafungua tena. Prosesa yenye nguvu haikukubaliwa na mazabodi ile. Akasema tubadili mazabodi. Mazabodi ya kawaida haikuingia kwenye lile kasha jembamba. Matundu ya skrubu yalikuwa mahali pengine kabisa. Akataka kuongeza hadi diski ya pili, hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kidole. Akaleta pawa saplai kubwa, plagi zake zikawa hazifanani na za ile mashine. Waliotengeneza kompyuta ile waliitengeneza ibaki vilevile, kama suti iliyoshonwa bila pindo la kuachia.

Nikasema, "Mjomba, tuunde nyingine."

"Tuunde nini?"

"Kompyuta. Tununue vipande, tuviunge wenyewe. Kasha kubwa, la kawaida. Kikichoka kimoja, tunabadili hicho tu."

Mjomba alinitazama kama niliyemwambia tuunde ng'ombe.

Habari haikumaliza siku, mtaa ukagawanyika. Singida tulikuwa hivyo. Neno likitamkwa kwa fundi redio saa nne, saa sita liko kwa wauza vitunguu. Kinyozi wa jirani alikuwa upande wa mjomba. "Kompyuta ya kuunda ni kama pikipiki ya kuunda," alisema huku mashine yake ikinguruma kichwani mwa mteja. "Kwenda itakwenda. Kurudi ndiyo kazi." Mama mshona nguo wa ng'ambo alikuwa upande wangu. "Nguo ya dukani ilishonewa mtu ambaye hawamjui," alijibu. "Ya kwangu namshonea huyu aliyesimama hapa. Waacheni watoto." Walioleta suruali kupunguzwa walilazimika kwanza kusema wako upande gani.

Mama alisikiliza maneno yote ya mtaa bila kutia lake. Siku ya tatu ya kelele hizo akatuita wote, mimi, Neema na mjomba, akafunga mlango wa studio.

"Kaka," alianza na mkubwa kama ilivyo adabu. "Nakuuliza na usinionee haya. Hiyo mashine ukiongezea kila unachoweza, itamaliza kazi ya mahafali?"

Mjomba alijikuna kidevu. Nilimwona anatafuta jibu la kuniangusha, na nikamwona anaamua kutolitafuta. "Dada, sitakudanganya. Imefika mwisho. Nimeipa inachoweza kupokea."

Mama akanigeukia. "Na wewe Zubeda. Unaweza, au unataka tu?"

"Naweza, mama. Na nataka."

"Neema?"

"Tunaweza, mama. Tumeshaunda nyingi, ila zilikuwa maiti."

Mama akacheka, kicheko cha kwanza tangu mwalimu mkuu aje. Alisema ataongea na bibi. Wiki iliyofuata matenga ya kuku wa bibi yalipanda basi la Dar es Salaam kwenda kuuzwa, na basi lililorudi likaleta mazabodi, prosesa na pawa saplai, vyote vimefungwa ndani ya kanga ya mama ili visitikisike. Mjomba ndiye aliyekwenda kuvinunua. Alipinga wazo letu njia nzima, kondakta alitusimulia, lakini kila kipande alikikagua mara mbilimbili, na alihakikisha mazabodi inapokea aina ile ile ya ramu aliyoinunua mwanzo. Kasha tulipewa na mwalimu wa fizikia kutoka stoo, kubwa, zito, limekwaruzwa ubavuni. Nililipiga msasa, Neema akalipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya kanisa la baba yake.

Tuliiunda Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri. Tulitandika mkeka katikati ya studio, tukavitandaza vipande vyote, na mama akageuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga. Hakikusaidia kitu. Watu walijaa dirishani, wakubwa wamesimama, watoto wamepanda kwenye ndoo. Mjomba alikaa kwenye kiti chake pembeni, mikono kifuani, amekula kiapo cha kutogusa.

Sijasahau hata kitu kimoja. Harufu ya plastiki mpya. Jasho la viganja. Kabla ya kushika chochote tulishika kwanza nondo ya dirisha, mwalimu alitufundisha hivyo, ili umeme wa mwilini usije ukaunguza vipande. Nikaiteremsha prosesa kwenye kitanda chake, ikakaa yenyewe bila kusukumwa, kama mtoto anayejua mahali pake mkekani. Neema akafunga feni juu yake. Tukaishusha mazabodi kwenye kasha la bluu, na safari hii kila tundu lilipata skrubu yake. Tukaweka ramu ya mjomba. Nilimwona akijinyoosha shingo kuhakikisha imekaa sawa. Mwisho tukaitoa hadi diski ya kompyuta ya zamani, kwa sababu kadi na picha zote za studio zilikuwa humo, tukaihamishia kwenye nyumba mpya.

"Washa," mama alisema.

Nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka, dirisha zima likapiga kelele. Lakini kioo kilibaki cheusi. Tukangoja. Cheusi. Nikazima, nikawasha tena. Feni zilikuwa zinavuma vizuri kabisa, na kioo ni giza.

Kelele za dirishani zikafa polepole. Nikasikia kinyozi anamwambia mtu, "Si nilisema? Kurudi." Mshona nguo akamkemea.

Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Nilifikiria matenga ya kuku. Nilifikiria bibi akiyafunga kamba kwa vidole vyake vilivyopinda.  Mama alikuja akachuchumaa nyuma yangu, akaweka mkono begani kwangu, akauacha pale.

"Zube," Neema alininong'oneza, "tusihangaike. Tufanye kama stooni. Tuanze kwa umeme, tufuate waya mmoja mmoja."

Tukazima, tukachomoa. Tukaanza kwenye pawa saplai, kila waya na mahali unapoishia. Huu umekwenda kwenye mazabodi. Huu kwenye hadi diski. Huu kwenye feni. Na hapo, ndani kabisa ya kasha, umejikunja ubavuni kama nyoka aliyelala, nikaukuta waya mfupi wenye plagi ndogo ya mraba ambayo haikuwa imekwenda popote. Kompyuta za stooni zilikuwa za zamani kuliko hii na hazikuwa na plagi ya namna ile. Nikamulika mazabodi. Pembeni mwa prosesa, chini ya kivuli cha feni, palikuwa na tundu la mraba, tupu.

"Neema! Ubongo hauna umeme. Tumewapa umeme watu wote nyumbani, mwenye nyumba tumemsahau."

Niliielekeza plagi, ikagonga pembeni mara kadhaa. Ikaingia. Ikalia ka! Mjomba alikuwa amesimama. Sikumwona alipoinuka. Nikabonyeza.

Kwanza feni. Halafu mlio mmoja mfupi, mwembamba, tii! Na kioo kikawaka. Maandishi meupe yakaanza kushuka, na kati yake, waziwazi, mashine ikataja prosesa yake mpya na ramu yake, mali yote inayomiliki, kama mtu anayejitambulisha ukweni.

Mama alipiga vigelegele. Sikuwahi kumsikia mama akipiga vigelegele tangu baba afariki. Vilitoka vikavunja chumba, dirishani wakavipokea, ng'ambo wakavipokea, na nadhani watu wa sokoni walidhani tumeozesha. Neema alinirukia tukaanguka pamoja juu ya mkeka na maboksi. Mjomba alizunguka studio akiwa ameshika kichwa, anasema, "Imewaka! Wallahi, imewaka!" kisha akatoka nje, mtu aliyepinga njia nzima toka Dar es Salaam, akamfuata kinyozi na kumwambia mbele ya wateja wake, "Watoto wangu wameunda kompyuta. Wako wamekuundia nini?"

Siku ya mahafali tuliipeleka shuleni kwa guta la kubebea mizigo, imefungwa magodoro mawili, printa pembeni yake, mjomba akitembea pembeni na kufukuza baiskeli. Tuliipanga kwenye darasa letu la zamani, meza ya mwalimu. Mama alipiga picha jukwaani na mimi nikawa namkimbilia kuchukua kadi ya kamera. Nilisafisha na kupanga, Neema akachapa. Haikuwaza hata mara moja. Picha zilifunguka kabla kidole hakijatoka kwenye mausi. Mstari wa wazazi ulizunguka darasa ukatoka mpaka uwanjani, lakini ulikuwa mstari unaotembea.

Nakumbuka bibi kizee mmoja aliyekuja kutoka kijijini kwa ajili ya mjukuu wake wa kike. Alipopewa picha, bado ina joto la mashine, aliishika kwa pembe, akaisogeza karibu na macho, akamtazama mjukuu, akaitazama tena picha. Akasema maneno kwa Kinyaturu, taratibu. Nilimuuliza mama, aliyekuwa amesogea mezani kwetu, bibi yule amesema nini, kwa sababu sauti yake ilikuwa inakatika.

"Anasema mtoto wake wa kumzaa alifariki bila picha," mama alinijibu. "Anasema huyu sasa hawezi kumpotea."

Mwalimu mkuu alipofunga sherehe aliwaomba watu wanyamaze. Akasema picha mlizoshika zimetoka kwenye kompyuta iliyoundwa na mabinti wawili waliosoma hapahapa, na akatuita mbele. Tulikwenda na wino kwenye vidole. Uwanja ulisimama. Katikati ya makofi nikasikia sauti ninayoijua ikitoka nyuma ya umati: "Na ramu ni yangu!"

Studio haikufungwa. Baada ya mahafali yale zilikuja harusi, vipaimara, maulidi, na picha za paspoti za watu waliosema wamekuja kuiona tu. Mashine ile ya bluu tuliiongezea, tukaibadili kipande kwa kipande, ikatusomesha. Neema leo anafundisha kompyuta sekondari moja kule Mkalama. Mimi nina duka la kompyuta hapahapa mjini, na mama amehamia Issuna kwa hiari yake, anafuga kuku wengi kuliko wa bibi. Ile ya kiwandani nayo hatukuitupa; mjomba aliichukua, akaitafutia hadi diski nyingine, akaandikia risiti zake kwa miaka, na kwa kazi hiyo haikuwahi kuwaza. Wateja wananiuliza kila siku, dada, niiongezee ya zamani au niunde mpya? Nawaambia ilete kwanza tuifungue, tuone kama waliokuuzia walikuachia pindo. Mjomba, mvi tupu sasa, hunisahihisha kutoka kwenye kiti chake mlangoni: mwongezee! Tunabishana mpaka mteja anachoka kusimama.

Juzi kijana mmoja aliniletea laputopu nyembamba kama sahani. Imekuwa ya polepole kidogo tu, akasema, nataka nyingine. Nikamuuliza kama amewahi kuifungua. "Kufungua?" alishangaa. "Kwani inafunguliwa, mama?" Nikaigeuza nimwoneshe skrubu, nikakosa hata moja. Imefungwa kwa gundi pande zote. Sikuwa na la kumcheka. Vijana wetu wamepewa mashine za ajabu, zina kasi ambayo sisi tungeiita uchawi, na hawajui kilichomo kama wasivyojua kilichomo ndani ya mawe ya hapa. Ikichoka, wanainunua upya. Ikija mpya, wanaiwasha wakiwa wanaangalia kitu kingine.

Sisi siku ile kompyuta ilipowaka, muuza karanga aliyekuwa anapita barabarani alitua sinia chini kwenye vumbi, hajui kumetokea nini, hamjui aliye ndani, akapiga makofi mpaka mikono ikamchoka. Za leo zinawaka kila dakika, mji mzima, na hakuna anayegeuza shingo.